Dawa za kupunguza unene: Mauzo hutangulia, hasara hufuata

SEPTEMBA 15, 1997, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, American Home Products, ilitangaza kuondoa sokoni dawa zake mbili za kupunguza unene, Pondimin na Redux. Tangazo hilo lilitoka baada ya Idara ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, kuitaka kampuni ifanye hivyo. Sababu iliyotajwa ilikuwa nzito: vali za moyo za watumiaji zilikuwa zikiharibika.

Wengi waliona kuwa biashara hiyo imekwisha siku ile. Kwa upande wa vitabu vya hesabu, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Katika miaka iliyofuata kampuni hiyo, ambayo mwaka 2002 ilibadili jina na kuitwa Wyeth, ilitenga jumla ya dola za Kimarekani bilioni 21.1 kwa ajili ya fidia na gharama za kesi.

Kampuni nzima iliponunuliwa na Pfizer mwaka 2009, pamoja na viwanda, majina ya bidhaa na hati miliki zake zote, bei yake ilikuwa dola bilioni 68. Maana yake ni kwamba dawa mbili za kupunguza mwili ziligharimu kiasi kinachokaribia theluthi moja ya bei ya kampuni nzima.

Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo dawa za unene zimekuwa tena bidhaa moto katika masoko ya hisa ya Ulaya na Marekani. Biashara hii ina tabia moja ambayo imejirudia kwa miongo kadhaa. Fedha za mauzo huingia mwaka ule ule; bili ya madhara huja miaka mingi baadaye, kwanza kwa mgonjwa, kisha kwa mwenye hisa.

VIDONGE VIWILI VYA ZAMANI

Dawa zilizoleta kishindo hicho hazikuwa ngeni. Fentermini iliruhusiwa Marekani mwaka 1959. Fenfluramini, ambayo jina lake la dukani lilikuwa Pondimin, iliruhusiwa mwaka 1973. Zote zilikuwa za kupunguza hamu ya chakula, na karatasi za maelezo yake zilisema zitumike kwa muda mfupi tu, yaani wiki chache.

Kwa karibu miaka 20 soko lake lilikuwa dogo. Fentermini ilimchangamsha mtu kupita kiasi na kumkosesha usingizi. Fenfluramini ilimfanya asinzie. Madaktari hawakuzipenda sana, na wagonjwa nao walichoka nazo mapema.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1992. Dakta Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester alichapisha matokeo ya utafiti aliowapa wagonjwa dawa hizo mbili kwa pamoja, kila moja kwa kipimo kidogo, ili moja ipoze madhara ya nyingine. Baada ya wiki 34, waliopewa dawa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 14.2. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 4.6.

Utafiti huo ulikuwa na watu 121 tu. Lakini habari zake zilienea upesi, na mchanganyiko huo ukapata jina la mitaani, fen-phen. Vituo vya kupunguza mwili vilifunguliwa katika miji mingi ya Marekani, baadhi vikiwa havina kazi nyingine isipokuwa kuandika vyeti vya dawa hizo.

Mwaka 1996 peke yake, vyeti vilivyoandikwa kwa ajili ya fenfluramini na fentermini vilizidi milioni 18.

BIDHAA ISIYO NA MWENYEWE

Hapa ndipo palipokuwa na tundu ambalo wachunguzi wa biashara ya dawa wameendelea kulizungumzia hadi leo. Kila dawa kwa upande wake ilikuwa na kibali. Mchanganyiko wa dawa mbili haukuwa nacho.

Sheria ya Marekani inaisimamia kampuni inayotengeneza na kutangaza dawa, lakini haimkatazi daktari kumwandikia mgonjwa dawa yenye kibali kwa matumizi mengine anayoona yanafaa. Kwa hiyo madaktari waliandika dawa mbili kwa pamoja, na badala ya wiki chache wakaandika kwa miezi na hata miaka.

Hakuna kampuni iliyoomba kibali cha kuuza mchanganyiko huo. Kwa kuwa hakuna aliyeomba, hakuna aliyelazimika kupima usalama wake kwa muda mrefu. Mamilioni ya watu wakawa wanatumia bidhaa ambayo, kisheria, haikuwa na mwenyewe.

KURA 6 KWA 5

Kampuni ndogo ya Interneuron ya jimbo la Massachusetts iliona nafasi katika soko hilo. Ilikuwa na deksfenfluramini, ambayo ni nusu ya fenfluramini iliyotengwa kwa matumaini kuwa itafanya kazi ile ile kwa madhara madogo zaidi. Dawa hiyo ilikuwa imetoka kwa kampuni ya Servier ya Ufaransa, na ilikuwa ikiuzwa huko kwa jina la Isomeride tangu miaka ya 1980.

Kamati ya washauri wa FDA ilipokutana Novemba 1995, ilipitisha dawa hiyo kwa kura 6 dhidi ya 5. Kibali kamili kilitolewa Aprili 29, 1996, na kikaifanya kuwa dawa mpya ya kwanza ya unene kuruhusiwa Marekani baada ya zaidi ya miaka 20. Ilipewa jina la Redux, na kazi ya kuiuza ikachukuliwa na American Home Products kupitia tawi lake la Wyeth-Ayerst.

Kwa wauzaji, kibali hicho kilikuwa na thamani ya pekee. Tofauti na dawa za zamani, Redux iliruhusiwa kutumiwa kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Mteja wa wiki chache akageuka kuwa mteja wa miezi 12.

Onyo la kwanza lilikuja kabla mwaka huo haujakwisha. Agosti 1996, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya. Watu waliotumia dawa za jamii hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu walionekana kuwa na hatari zaidi ya mara 20 ya kupata ugonjwa wa shinikizo la damu kwenye mapafu.

Huo ni ugonjwa mbaya. Mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu husinyaa, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu hadi unachoka. Wakati ule wagonjwa wengi walikufa baada ya miaka michache.

Hata hivyo, onyo hilo halikupunguza kasi ya soko. Ugonjwa wenyewe ni nadra, unaompata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Watetezi wa dawa walisema kwamba hata ukizidisha mara 20 bado idadi ni ndogo, na kwamba unene wenyewe unaua watu wengi zaidi. Ilikuwa hoja ya hesabu, na kwa hesabu za siku ile ilikubalika.

MASHINE YA KUPIMA MOYO

Hesabu ilibadilishwa na watu ambao hawakuwa wakifanya utafiti wowote wa dawa za unene. Mjini Fargo, jimbo la North Dakota, fundi wa mashine inayopima moyo kwa mawimbi ya sauti alianza kuona jambo lisilo la kawaida. Wanawake wa umri wa kati, wasio na historia ya ugonjwa wa moyo, walikuwa na vali nene na zilizokakamaa, zisizofunga vizuri, kiasi kwamba damu ilirudi nyuma. Alipofuatilia, aligundua kuwa wote walikuwa wametumia fen-phen.

Madaktari wa Fargo waliungana na wenzao wa hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, ambao nao walikuwa wameanza kukutana na wagonjwa wa aina hiyo. Julai 8, 1997, walitangaza habari za wanawake 24. Kwa wastani walikuwa wametumia dawa hizo kwa muda wa mwaka mmoja. Watano kati yao walikuwa tayari wamefanyiwa upasuaji wa vali.

FDA iliomba taarifa kutoka kwa madaktari wengine nchini. Hadi Septemba ilikuwa na vipimo vya watumiaji 291, wengi wao wakiwa hawajisikii ugonjwa wowote. Kiasi cha asilimia 30 walikuwa na kasoro kwenye vali. Ndipo fenfluramini na deksfenfluramini zilipoondolewa. Fentermini, ambayo haikuhusishwa na madhara hayo ilipotumiwa peke yake, ilibaki sokoni na inauzwa hadi leo.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kiwango halisi cha walioathirika kilikuwa chini ya ile asilimia 30 ya mwanzo, na kwamba hatari ilikua kadiri mtu alivyotumia dawa kwa muda mrefu zaidi. Kwa watumiaji wengi hali haikuendelea kuwa mbaya baada ya kuacha, na baadhi walipata nafuu. Lakini kwa mtu ambaye vali yake ilikuwa imeharibika sana, nafuu ilipatikana kwa kisu cha daktari tu.

KWA NINI HAIKUONEKANA MAPEMA

Swali linaloulizwa na kila mtu ni hili: dawa iliyokuwepo tangu 1973 iliwezaje kuficha madhara yake kwa miaka 24?

Jibu la kwanza ni idadi. Wataalamu wa takwimu wana kanuni rahisi. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukutana angalau mara moja na dhara linalompata mtu mmoja kati ya 1,000, unahitaji kuwafuatilia watu wapatao 3,000. Utafiti wa watu 121 unaweza kuonyesha vizuri kama kilo zinapungua. Hauwezi kuonyesha dhara la nadra.

Jibu la pili ni muda. Vali haziharibiki kwa wiki sita. Kwa miaka mingi dawa hizi zilitumiwa kwa vipindi vifupi na watu wachache. Zilipoanza kutumiwa kwa miezi mfululizo na mamilioni ya watu, lililokuwa limejificha likajitokeza.

Jibu la tatu ni kwamba hakuna aliyekuwa akitazama mahali penyewe. Kasoro ya vali ikiwa ndogo haimwumizi mtu. Inaonekana kwa mashine, na hakuna aliyekuwa akiwapima moyo kwa mashine watu waliokwenda kutafuta dawa ya kupunguza mwili. Mwaka 2000 watafiti walieleza chanzo chenyewe: dawa hizo, na hasa kile kinachobaki baada ya mwili kuzisaga, huamsha chembe za kwenye vali na kuzifanya zikue isivyo kawaida.

HESABU YA FIDIA

Agosti 1999, mahakama moja ya Texas iliamua kuwa mwanamke aliyedhurika alipwe dola milioni 23.3. Miezi miwili baadaye American Home Products ilitangaza mkataba wa kitaifa wa dola bilioni 3.75 kwa ajili ya watumiaji wote. Mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia iliuidhinisha Agosti 2000.

Wenye hisa walidhani sasa deni limejulikana. Haikuwa hivyo. Mkataba uliwapa watumiaji haki ya kujitoa na kufungua kesi zao wenyewe, na maelfu kwa maelfu walijitoa. Vituo vya kupima moyo kwa ajili ya madai tu vilizuka, na madai mengi yalitiliwa shaka kiasi kwamba mahakama iliamuru yakaguliwe.

Mwaka 2004 mahakama nyingine ya Texas ilitamka fidia inayozidi dola bilioni 1 kwa familia ya mwanamke mmoja aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu. Hukumu za namna hiyo mara nyingi hupunguzwa au humalizwa kwa makubaliano. Hata hivyo kila moja ilisukuma juu kiasi ambacho kampuni ililazimika kukitenga.

Kwa mwekezaji, ugumu ulikuwa hapo. Gharama ya kiwanda inajulikana, bei ya malighafi inajulikana, na kodi inajulikana. Deni la fidia halikujulikana mwisho wake. Kila miaka michache taarifa ya fedha ilikuja na tengo jipya la mabilioni, kwa ajili ya bidhaa ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuiuza zamani.

UFARANSA YARUDIA KOSA

Mtu angetegemea kuwa baada ya 1997 dawa zote za jamii hiyo zingeondoka duniani. Nchini Ufaransa, Servier iliondoa sokoni dawa zake za fenfluramini, lakini iliendelea kuuza nyingine iitwayo Mediator.

Mediator ilikuwepo tangu 1976. Kwenye karatasi ilikuwa dawa ya wagonjwa wa kisukari wenye unene. Kwa vitendo iliandikwa pia kwa watu waliotaka kupungua tu. Mwilini ilisagwa na kuacha kitu kile kile kilichoachwa na fenfluramini. Katika nchi za Hispania na Italia ilitoka sokoni miaka kadhaa kabla. Ufaransa iliendelea kuuzwa hadi Novemba 2009, miaka 12 baada ya Marekani kufunga mlango.

Aliyeisimamisha ni Dakta Irène Frachon, mtaalamu wa mapafu katika hospitali ya mjini Brest, aliyekusanya majalada ya wagonjwa wake mwenyewe na kuyalinganisha. Watu wapatao milioni 5 walikuwa wameitumia. Makadirio ya wataalamu yalitaja vifo kuanzia 500 hadi 2,000.

Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia Servier hatiani kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo bila kukusudia, na kuitoza faini ya euro milioni 2.7. Mamlaka ya dawa ya Ufaransa nayo ilitozwa faini kwa kuchelewa kuchukua hatua. Desemba 2023, mahakama ya rufaa iliongeza mzigo. Safari hii Servier iliamriwa kulipa zaidi ya euro milioni 430, sehemu kubwa ikiwa ni kurudisha fedha ambazo mifuko ya bima ya afya ilikuwa imelipia dawa hiyo.

Wahasibu wa makampuni ya bima waliisoma hukumu hiyo kwa makini. Kumbe anayeweza kudai si mgonjwa peke yake. Aliyelipia vidonge naye anaweza kudai fedha zake.

TATU NYINGINE ZILIZOANGUKA

Baada ya fen-phen, makampuni yalijaribu njia nyingine. Matokeo yanaonyesha jinsi uwanja huu ulivyo mgumu.

Acomplia ya kampuni ya Sanofi-Aventis iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 na ilitarajiwa kuleta mabilioni. Ilifanya kazi kwenye ubongo, na huko huko ikaleta huzuni kubwa na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Juni 2007 washauri wa FDA waliikataa kwa kura zote. Oktoba 2008 Ulaya nayo iliisimamisha.

Meridia ya kampuni ya Abbott, inayojulikana Ulaya kama Reductil, iliruhusiwa Marekani Novemba 1997, miezi miwili tu baada ya Redux kuondolewa. Iliuzwa karibu miaka 13. Utafiti wa wagonjwa wapatao 10,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo ulionyesha kuwa matatizo makubwa ya moyo na kiharusi yaliwapata asilimia 11.4 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 10 ya wasioitumia. Oktoba 2010 iliondolewa Marekani.

Belviq ya kampuni za Arena na Eisai iliruhusiwa mwaka 2012. FDA iliagiza ifuatiliwe kwa watu 12,000 kwa miaka mitano. Moyo ulionekana salama, lakini saratani iliwapata asilimia 7.7 ya watumiaji dhidi ya asilimia 7.1 ya wengine. Februari 2020 ikaondoka sokoni.

Katika mifano hii kuna jambo la kutia moyo. Madhara ya Meridia na Belviq yalijulikana kwa sababu kuna mtu aliyeagizwa kuyatafuta, kwa idadi kubwa ya watu na kwa miaka ya kutosha. Huo ndio ukaguzi ambao fen-phen haikuupata.

SINDANO ZA WIKI MOJA MOJA

Sasa soko limehamia kwenye sindano. Semaglutidi ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ilianza kama dawa ya kisukari mwaka 2017 kwa jina la Ozempic. Juni 2021 iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya unene kwa jina la Wegovy, kwa bei ya orodha ya dola 1,349 kwa mwezi. Novemba 2023 mshindani wake, Eli Lilly, aliingia na Zepbound.

Septemba 2023 Novo Nordisk iliipita LVMH ya Ufaransa na kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote katika masoko ya hisa ya Ulaya. Kampuni ya dawa kutoka nchi ya watu milioni 6 hivi ilikuwa juu ya mabenki, mafuta na magari.

Kwa upande wa usalama, dawa hizi zinaingia sokoni na ushahidi mwingi kuliko watangulizi wao. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliruhusiwa kwa kisukari mwaka 2005, hivyo kuna uzoefu wa takriban miongo miwili. Utafiti wa semaglutidi uliotolewa mwaka 2023 ulifuatilia watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa kwa zaidi ya miaka mitatu. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20. Hiyo ni dawa ya unene iliyoonekana kuulinda moyo badala ya kuuharibu.

Lakini haziko bila madhara. Kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida, hasa mwanzoni. Mawe kwenye nyongo na uvimbe wa kongosho yametajwa kwenye karatasi za maelezo. Kwa kuwa chakula hukaa tumboni muda mrefu, wataalamu wa dawa ya usingizi hutaka kujua kabla ya upasuaji kama mgonjwa anachoma sindano hizi. Majaribio ya panya yalionyesha uvimbe wa tezi ya shingo, na Marekani onyo hilo limewekwa kwenye kisanduku cheusi. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitaka liongezwe onyo kuhusu ugonjwa wa mshipa wa jicho unaoweza kupunguza uwezo wa kuona, ambao huenda ukampata mtumiaji mmoja kati ya 10,000.

Jambo la kibiashara zaidi ni kuwa athari ya dawa hudumu wakati inapotumiwa. Katika utafiti mmoja, watu walioacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza katika mwaka mmoja. Hivyo anayeanza anaweza kuhitaji kuendelea kwa miaka mingi. Kwa muuzaji huyo ni mteja wa kudumu. Kwa mkaguzi wa usalama, huyo ni mtu wa kufuatiliwa muda mrefu kuliko utafiti wowote uliokwisha kufanywa.

SOKO LA PEMBENI

Hatari inayowasumbua wakaguzi hivi sasa iko nje ya kiwanda. Dawa ilipoadimika na bei kuwa juu, walitokea wauzaji wa pembeni.

Marekani, maduka ya dawa yanayochanganya yenyewe yaliruhusiwa kutengeneza semaglutidi wakati wa uhaba. FDA ilipokea taarifa za watu waliojidunga kipimo kikubwa mno kutokana na kuchanganyikiwa na chupa na mabomba ya sindano. Februari 2025 ilitangaza kuwa uhaba umekwisha. Hata hivyo Julai 2025 Novo Nordisk ilipunguza makadirio yake ya mauzo, ikitaja miongoni mwa sababu kuendelea kuuzwa kwa dawa hizo za kuchanganywa. Bei ya hisa zake ilianguka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja.

Wapo na wanaoghushi kabisa. Oktoba 2023 mamlaka ya Austria ilitoa taarifa kuwa watu walilazwa hospitalini baada ya kutumia Ozempic bandia. Sukari yao ilikuwa imeshuka ghafla, dalili kuwa ndani ya kalamu ya sindano mlikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari juu ya shehena tatu bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Tahadhari za namna hiyo hutumwa kwa wakaguzi wa dawa wa nchi zote, ikiwemo TMDA ya Tanzania, kwa sababu mzigo bandia hauna mpaka.

MASWALI YA MNUNUZI

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wachunguzi wa biashara hii wanaona kuwa mnunuzi wa hisa na mnunuzi wa dawa wanaweza kutumia maswali yale yale.

La kwanza: dawa imepimwa kwa watu wangapi, na kwa muda gani? La pili: inatumiwa kama kibali kinavyosema, au soko limekwisha kukipita kibali? La tatu: nani anaendelea kutazama baada ya kuuza, na anatazama kiungo gani? La nne, kwa mgonjwa hasa: dawa imetoka wapi, na daktari gani atakayempima tena baada ya miezi mitatu?

Fen-phen ingeshindwa maswali yote manne mwaka 1996. Sindano za sasa zinajibu la kwanza vizuri kuliko dawa yoyote ya unene iliyotangulia. Kwenye la pili na la nne, majibu yanategemea mji, duka na mtu anayeuza.

Fenfluramini yenyewe imeshatoa mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kufanywa. Juni 2020 dawa hiyo hiyo ilirudi kwenye orodha ya FDA kwa jina la Fintepla, safari hii kwa kipimo kidogo, kwa watoto na watu wazima wenye aina moja ya kifafa kikali kisichosikia dawa nyingine. Kibali kilikuja na sharti: mgonjwa apimwe moyo kwa mashine kabla ya kuanza, kila baada ya miezi sita akiwa anatumia, na mara nyingine tena baada ya kuacha.

Kipimo hicho cha mashine kilikuwepo hata mwaka 1996, katika hospitali za miji ile ile ambako vyeti milioni 18 viliandikwa.